Chakula na Huduma za Ustawi katika Mashirika ya Kiyahudi Marekani: Mwongozo Kamili kwa Familia Zetu

Mama niliyemsindikiza siku ile alifika mlangoni akagoma kuingia. Tulikuwa tumepanda mabasi mawili kutoka upande wa pili wa mji, watoto wawili wakimfuata nyuma, na mkononi ameshika mfuko wa plastiki alioukunja vizuri mara nne. Juu ya mlango palikuwa na nyota ya Daudi na jina la shirika. Kando yake alisimama mlinzi mwenye bastola kiunoni.

"Dada, hapa ni pa Wayahudi," akaniambia kwa sauti ya chini. "Sisi tunasali kwa Wapentekoste. Wakituuliza dini tutajibu nini?"

Hakuna aliyemuuliza dini. Aliulizwa nyumbani wako wangapi, na kama kuna mtoto mchanga. Nusu saa baadaye alitoka na mchele, kunde, mayai, karoti, kuku mzima wa barafu na makopo matatu ya samaki.

Nimewafanyia ukalimani watu wetu, wakimbizi na wahamiaji wanaozungumza Kiswahili hapa Marekani, kwa miaka kadhaa, na woga ule ninakutana nao kila mara. Familia inalala njaa ilhali chakula kilichotengwa kwa watu kama wao kiko vituo vitatu vya basi kutoka mlangoni kwao. Ndiyo maana nimeamua kuyaandika haya kwa urefu.

Mashirika haya ni yapi

Karibu kila mji mkubwa wa Marekani una shirika la Kiyahudi la huduma za jamii. Mengi yanaitwa Jewish Family Service, kwa kifupi JFS, au Jewish Family and Community Services, yaani JFCS. Kila moja linajitegemea, kwa hiyo utaratibu wa Seattle si lazima uwe wa San Diego. La Seattle lilianza mwaka 1892 na linaendesha ghala la chakula linaloitwa Polack Food Bank. La Pittsburgh lina ghala katika mtaa wa Squirrel Hill. Denver kuna Weinberg Food Pantry, na New York kuna Met Council, ambalo hugawa chakula cha kosher, yaani kinachofuata sheria ya dini ya Kiyahudi, na cha halali pia.

Watu wetu wengi wanalifahamu HIAS, shirika la Kiyahudi la kuhudumia wakimbizi, ama kwa sababu ndilo lililowapokea uwanja wa ndege, ama kwa sababu waliwahi kupita ofisini kwake Nairobi. Lilianzishwa New York mwaka 1881, Wayahudi walipokuwa wakikimbia mauaji katika dola ya Urusi. Leo wengi linaowahudumia si Wayahudi kabisa, na katika miji kadhaa kazi ya kuwapokea wakimbizi limeifanya kwa kushirikiana na JFS ya mahali hapo.

Kwao neno la kusaidia ni tzedakah. Msikilizaji wa Kiswahili atasikia humo sadaka, na hajakosea, maana Kiebrania na Kiarabu ni ndugu na maneno hayo yametoka kwenye shina moja. Ila kwa Kiebrania shina hilo linabeba maana ya haki. Anayetoa anatimiza wajibu, na anayepokea anapata kilicho haki yake. Maimonides, mwanazuoni na tabibu aliyefariki Misri mwaka 1204, alipanga ngazi nane za kutoa, na ya juu kabisa akaiweka ile ya kumwezesha mtu asimame mwenyewe, kwa kumkopesha, kushirikiana naye au kumpa kazi. Ndiyo sababu ukienda kuomba mchele watakuuliza pia habari za kazi, kodi ya nyumba na shule. Si upelelezi.

Jambo moja ulijue mapema lisije likakuumiza. Kuna mipango ndani ya mashirika haya ambayo ni ya Wayahudi peke yao, kwa mfano ile ya wazee walionusurika maangamizi ya Wanazi, ambayo fedha zake zimetolewa kwa kazi hiyo tu. Ukiambiwa mpango fulani haukuhusu, uliza upi unakuhusu. Ghala la chakula kwa kawaida ni la kila mkazi wa eneo, awe wa dini yoyote.

Hatua ya kwanza: kupiga simu

Ukijua jina la shirika la mjini kwako, wapigie. Usipolijua, piga 211. Ni namba ya bure inayofanya kazi karibu kote nchini, nao watakuelekeza kwenye maghala ya chakula yaliyo karibu, ya Kiyahudi na mengineyo. Andaa namba ya posta ya unapoishi, zile tarakimu tano, kwa sababu maghala mengi yana mipaka na kila moja huhudumia mitaa yake.

Kiingereza kikikusumbua, sema neno moja tu, "Swahili", kisha subiri kwenye laini. Usikate. Ukimya ule wa dakika mbili tatu ndio wakati wanapomtafuta mkalimani wa simu. Shirika linalopokea fedha za serikali kuu halitakiwi kukunyima huduma kwa sababu ya lugha. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964. Mkalimani akizungumza Kiswahili cha pwani na wewe ni mtu wa Fizi au Bukavu mkashindwa kuelewana, mwombe aseme taratibu, au omba wa Kongo. Hiyo ni haki yako, wala si kumdharau mtu.

Tafadhali usimtumie mtoto kama mkalimani. Nimemwona binti wa miaka kumi na mmoja akitafsiri maswali ya kama mama yake ana njaa na kama baba anapiga watu nyumbani. Mtoto hapaswi kubeba maneno hayo.

Halafu kuna suala la saa. Kwa waliokulia Tanzania na Kenya, miadi ya Wamarekani ya saa 10 asubuhi ni saa nne yetu. Mzee mmoja aliambiwa "ten" akaja saa kumi jioni, akakuta mlango umefungwa, akadhani amefukuzwa. Ukipewa miadi, omba waiandike, kisha mwombe mtu aisome mbele yako.

Makaratasi

Beba kitambulisho chochote ulicho nacho, kitu kinachoonyesha unapoishi, kama bili ya umeme, mkataba wa nyumba au barua iliyotumwa kwako, na orodha ya majina na tarehe za kuzaliwa za watu wote wa nyumbani. Baadhi ya maghala huomba uthibitisho wa kipato. Mengi huridhika na maneno yako na sahihi.

Hesabu watu wote wanaokula kwenye sufuria lako. Shangazi anayelala sebuleni anahesabika. Watu wetu humficha kwa kumwogopa mwenye nyumba, matokeo yake chakula cha watu wanne kinaliwa na saba. Kama kweli unahofia mkataba wa nyumba, mwambie kesi meneja, mfanyakazi wa shirika anayefuatilia mambo yako, kwa siri, naye atakushauri.

Na usidanganye. Idadi ya watu nyumbani ikibadilika, sema imebadilika.

Siku ya kwenda

Nianze na mlinzi, kwa sababu ndiye anayewarudisha watu wengi. Tarehe 27 Oktoba 2018, mtu mwenye bunduki aliingia katika sinagogi la Tree of Life, kwenye mtaa ule ule wa Squirrel Hill huko Pittsburgh, akaua watu 11 waliokuwa kwenye ibada ya Sabato. Kabla ya kuingia alikuwa ameandika mtandaoni kwamba analichukia HIAS kwa kuleta wakimbizi. Elewa hapo vizuri: walishambuliwa, kwa sehemu, kwa sababu ya kutupokea sisi. Nao hawakuacha. Mlinzi yuko pale kwa ajili ya hilo, na akikagua mkoba wako anakulinda na wewe. Hana uhusiano na uhamiaji. Msalimie, onyesha mkoba, sema umekuja kuchukua chakula.

Ndani utakuta moja ya njia mbili. Kuna maghala yanayokupa boksi lililokwisha kupangwa, na kuna yanayokuachia utembee na toroli kati ya rafu kama uko dukani, kila rafu ikiwa na kadi inayosema familia ya watu kadhaa ichukue vingapi. Hii ya pili ndiyo bora kwetu, kwa kuwa hutarudi nyumbani na vitu usivyovijua. Siku hizi mengine huruhusu kuagiza kwa simu au kompyuta. Kama una mgonjwa wa kudumu au huwezi kutoka nyumbani, uliza kama wanapeleka.

Nenda na mifuko imara na kitoroli cha kuvuta. Kilo kumi na tano za chakula kwenye basi, mvua inanyesha, si mchezo. Uliza pia vitu ambavyo havipo kwenye rafu: nepi, sabuni, pedi, maziwa ya kopo ya mtoto. Mara nyingi viko chumba cha nyuma na hutolewa kwa anayeuliza.

Kilichomo mfukoni

Maghala mengi ya Kiyahudi, ingawa si yote, hutoa chakula cha kosher. Humo hutakuta nguruwe, kamba wala kaa. Hutakuta hata kambare, maana sheria yao inataka samaki mwenye mapezi na magamba, na kambare hana magamba. Sato, jodari na dagaa wa kopo wanaruhusiwa. Nyama na maziwa havichanganywi.

Shika kopo uliangalie kwa karibu. Alama iliyoenea zaidi ni herufi U ndani ya duara dogo, wakati mwingine ndogo kuliko punje ya mchele, karibu na jina la bidhaa. Ikifuatwa na D, ndani kuna maziwa au kimetengenezwa kwenye mtambo wa maziwa. Ukiona neno "pareve", hakikuwekwa nyama wala maziwa. Kwa sisi ambao matumbo yetu mengi hayapatani na maziwa, neno hilo ni msaada mkubwa. Lakini mtoto mwenye mzio mkali, soma orodha nzima ya viungo.

Ndugu Waislamu huuliza kama kosher ni halali. Nyama yao huchinjwa kwa kisu kikali na damu kutolewa, na maulamaa wengi huijuzisha kwa kutegemea aya ya chakula cha Watu wa Kitabu. Wengine hawakubali. Muulize shehe wako. La kuangalia ni pombe: sheria ya kosher haiikatazi, kwa hiyo keki au mchuzi wa kosher unaweza kuwa na mvinyo ndani.

Sasa mapishi, maana chakula kingi huishia kwenye pipa la taka kwa kukosa kujulikana. Yale maharage meupe yenye doa jeusi jichoni ni kunde, zile zile. Majani mapana yanayoitwa "collard" ni ndugu wa sukuma wiki. Yakate membamba, yakaange na kitunguu. Siagi ya karanga isiyo na sukari itie kwenye mchuzi wa mboga au kisamvu, utasahau kwamba ilitoka kwenye chupa. Unga wa mahindi wa njano unapika ugali, ila maji yachemke sana na usonge kwa muda mrefu zaidi. Unga ulioandikwa "masa" uache, umepitia chokaa na ladha yake ni nyingine. Maharage ya kopo yamwage kwenye chujio, yasuuze kwa maji mengi. Chumvi inapungua sana, na wenye presha watakushukuru.

Tarehe ya "best by" si tarehe ya sumu. Inasema tu mpaka lini ladha iko kwenye ubora wake. Kopo lililopita miezi kadhaa linalika kama halijavimba, halivuji na halijabonyea kwenye mshono. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga ndiyo pekee usiyotumia kamwe baada ya tarehe yake.

Kalenda yao, uijue kama yako

Wengi wetu huumia hapa. Sabato huanza Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi usiku, na ofisi nyingi hufunga mapema Ijumaa. Wakati wa baridi jua huzama mapema mno. Desemba, katika miji ya kaskazini, hesabu kwamba saa nane mchana kazi imekwisha. Usipange kwenda Ijumaa mchana.

Kati ya Septemba na Oktoba hukutana sikukuu nyingi kwa mfululizo: Rosh Hashanah, Yom Kippur, Sukkot. Ndani ya majuma matatu ofisi inaweza kufungwa siku nyingi. Mwezi Machi au Aprili huja Pasaka ya Kiyahudi, siku nane zisizo na mkate wa hamira, na kwa desturi ya Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki hata mchele, maharage na mahindi huwekwa kando. Ghala linaweza kukupa matzah, mikate mikavu isiyochachwa, mahali pa mchele. Kwa hiyo majuma mawili kabla omba kalenda ya mwaka mapokezini, ibandike kwenye jokofu, na ujue ghala la pili la kwenda siku hizo.

SNAP na sheria mpya

Shirika litakusaidia pia kuomba SNAP, ambayo wengi bado wanaiita fudi stempu. Ni kadi yenye fedha za chakula kila mwezi. Maombi yanatakiwa kujibiwa ndani ya siku 30, na kwa asiye na chochote mkononi ndani ya siku 7. Hainunui chakula cha moto, sabuni wala nepi. Inanunua mbegu za mboga, jambo ambalo wachache wanalijua. Mchicha, au lengalenga kama wasemavyo ndugu zetu wa Kongo, unaota vizuri kwenye ndoo barazani wakati wa joto.

Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 iliwaondoa wakimbizi na waliopewa hifadhi kwenye SNAP mpaka wapate grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu. Nimekaa na familia zilizopokea barua hiyo, na maumivu yake nayajua. Cha kufanya ni hiki. Kama umetimiza mwaka mmoja nchini ukiwa mkimbizi, omba grini kadi mara moja. Mashirika mengi ya JFS yana wanasheria au wahudumu waliosajiliwa wa uhamiaji. Ukishaipata, kwa kuwa uliingia kama mkimbizi, hungoji ile miaka 5 wanayongoja wengi wenye grini kadi, omba SNAP upya. Watoto wako waliozaliwa Marekani ni raia, waombee sasa hivi hata kama wewe umeondolewa. WIC, chakula cha wajawazito, wanaonyonyesha na watoto mpaka umri wa miaka 5, haikuguswa na sheria hiyo. Chakula cha shuleni nacho kipo.

Huduma za ustawi: chakula cha roho na mwili

Watu huchukua mchele wakaondoka, bila kujua kwamba ghorofa ya juu kuna vitu vingine vya thamani kama huo mchele.

Kwa waliofikisha miaka 60 kuna chakula cha mchana cha pamoja, au cha kupelekwa nyumbani, chini ya Sheria ya Wamarekani Wazee ya mwaka 1965. Utaona bahasha ya mchango mezani. Ni ya hiari. Mzee asiyetia kitu anakula sawa na aliyetia dola tano. Kuna pia mazoezi ya viungo ya kuzuia kuanguka, mafunzo ya kuishi na kisukari na presha, na madarasa ya uraia. Hayo madarasa msiyapuuze: mzee mkimbizi anayepokea SSI, fedha za serikali za kila mwezi kwa wazee na walemavu wenye kipato kidogo, hukatiwa baada ya miaka 7 asipokuwa raia.

Halafu kuna ushauri nasaha. Hapa natamani ningekushika mkono. Kwetu mtu hasemi ana ugonjwa wa huzuni. Anasema ana mawazo mengi. Anasema kichwa kinauma kila siku, moyo unakwenda mbio, usingizi umempotea, akisikia mlango umebamizwa anaruka. Hospitali wanampima damu, wanasema yuko salama. Yuko salama wapi, na amemwacha mdogo wake msituni? Mficha uchi hazai, wazee walisema, na huu ni uchi tunaouficha kuliko wote.

Mwambie kesi meneja maneno hayo hayo, "nina mawazo mengi, silali". Inatosha, yeye atajua akupeleke kwa nani. Malipo katika mashirika haya hupangwa kufuata kipato, na mara nyingi Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, hulipa yote kwa aliye nayo. Siku ya kwanza ni maswali tu: usingizi, chakula, familia, ulikotoka. Hulazimiki kusimulia vita. Ukiulizwa jambo hutaki, sema "leo hapana". Mshauri wa kwanza usipoelewana naye, omba mwingine.

Utakayosema ni siri, isipokuwa mambo machache: ukisema utajiua au utamuua mtu, au mshauri akisikia mtoto anaumizwa, sheria inamlazimu kutoa taarifa. Nakwambia mapema ili usije ukaona umesalitiwa. Na kama usiku hali imekuwa mbaya, piga 988, wako macho saa zote.

Kwa asiyeweza kukaa chumbani na mgeni akalia, kuna vikundi. Katika miji mingi wanawake hukutana kushona au kulima bustani ya pamoja. Niliwahi kukaa kwenye kikundi kama hicho majuma sita, hakuna aliyetaja vita hata mara moja. Juma la saba, katikati ya kuchambua mboga, bibi mmoja akaanza kutaja majina ya watoto wake, mmoja mmoja, waliobaki na waliokwenda. Wengine wakaendelea kuchambua, wakimwitikia. Alipomaliza akaomba chumvi.

Ukikataliwa au kutendewa vibaya

Hutokea. Mahali pamoja, nisipopataja, mfanyakazi wa mapokezi alimwambia mama mmoja mbele ya foleni kwamba "watu wenu mnachukua sana". Alirudi nyumbani akalia, na hakwenda tena miezi minne. Usifanye hivyo. Andika siku, saa na maneno yaliyosemwa, uombe kuonana na msimamizi pamoja na mkalimani. Mashirika haya yana utaratibu wa malalamiko, na kulalamika hakukufuti kwenye orodha. Ukinyimwa SNAP, barua yenyewe huonyesha jinsi ya kukata rufaa, na una siku 90. Hiyo barua usiitupe hata kama huielewi, ipeleke kwa kesi meneja siku hiyo hiyo.

Ukihama nyumba, wajulishe watatu ndani ya juma moja: ghala la chakula, ofisi ya SNAP na uhamiaji. Uhamiaji wanataka anwani mpya ndani ya siku 10. Kama umehamia nje ya mitaa ya ghala lako, waombe wakupe jina la lingine kabla hawajafunga faili lako.